Ngano Ilivyopata Heshima Gachoka

Ngano haioti Gachoka. Ukiteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri, chai na kahawa hubaki nyuma, joto huongezeka, miti huwa mifupi yenye miiba, na mashambani huonekana mtama, mawele, ndengu, kunde, mbaazi na vichaka vya muguka, aina ya miraa. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na hata ile ya Oktoba, ambayo watu huitegemea zaidi, haina ahadi. Ngano ya upande huu wa Kenya hulimwa ng'ambo ya Mlima Kenya, Timau katika Meru, penye baridi na mashamba makubwa. Hata hivyo, harusi ya Gachoka bila chapati si harusi, na Krismasi bila chapati ni siku kama siku nyingine. Nafaka isiyoujua udongo wa Mbeere ndiyo iliyopewa kiti cha mbele. Zile zilizowalea Wambeere vizazi kwa vizazi zimeitwa chakula cha maskini.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtu asiyezungumziwa sana, yule ambaye utumbo wake haupatani na gluteni. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika na mkate uumuke. Mtaalamu wa Bologna, Jacopo Bartolomeo Beccari, aliitenga mwaka 1728 kwa kuosha unga wa ngano kwa maji hadi wanga ukaisha, akabaki na kitu chenye kunata. Mtu mwenye ugonjwa wa seliaki akiila, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo mwembamba na kuviharibu vile vinyweleo vinavyonyonya chakula. Anakula lakini mwili haupati. Anakonda, anaharisha au kufunga choo, damu inapungua, mifupa inadhoofika, mtoto anadumaa. Inakadiriwa kwamba duniani karibu mtu 1 katika kila 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui. Dawa ni moja tu: kuacha ngano na jamaa zake maisha yote.

Mtama hauna gluteni. Mawele hayana. Wimbi halina, wala mahindi, mchele, mihogo, ndizi na kunde za kila aina. Kwa maneno mengine, zamani ghala la Mbeere lilikuwa limejaa chakula ambacho daktari wa leo angemwandikia mgonjwa wa seliaki, na aliyezaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huo angeweza kuishi hadi uzeeni bila kuugua hata siku moja. Swali langu ni jinsi tulivyotoka huko hadi mahali ambapo mtu akisema hali chapati anaonekana ana maringo.

Kulima mawele kulikuwa kazi ya nyumba nzima. Shamba likianza kutoa masuke, ulingo ulijengwa katikati yake, jukwaa la miti lenye urefu wa kumpita mtu, na watoto wakapanda juu yake na teo na udongo uliofinyangwa. Kuamia ndege kulianza kabla ya jua na kuisha giza likiingia, wiki baada ya wiki, kwa sababu kwelea huja kwa makundi makubwa na shamba lisilo na mlinzi linaweza kwisha kwa siku chache. Baada ya mavuno, masuke yalikaushwa na kupurwa. Nafaka ikatwangwa, ikapepetwa kwa ungo, ikasagwa juu ya jiwe. Uji wake ulichachushwa kidogo na kunywewa kwa kibuyu. Mawele yakihifadhiwa vizuri yalikaa ghalani muda mrefu, na hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya kweli katika nchi ambayo mvua mbili mfululizo zaweza kukataa.

Na zilikataa. Njaa kubwa ya miaka ya 1897 hadi 1901 iliyoikumba Kenya ya kati iliipiga Mbeere vibaya sana. Mawele na mtama vilikauka shambani, ndui ikafuata, na familia zikapanda kwenda Embu penye migomba na viazi kutafuta chakula kwa jamaa na marafiki. Wengine waliwaacha watoto huko kama rehani ya chakula, na si wote waliorudi. Walionusurika walikuwa bado wanajijenga upya Waingereza walipoiteka Embu mwaka 1906 na kuweka boma. Baada ya boma ikaja kodi ya nyumba, na baada ya kodi safari ya kwenda kutafuta kibarua.

Kibarua kilikuwa na chakula chake, posho ya unga wa mahindi. Mahindi hayakuwa mageni kabisa, lakini sasa yaligeuka kuwa chakula cha kazi, cha reli, cha jela na cha shamba la mzungu. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Kenya ya kati walikusanywa kwa nguvu kwenda kubeba mizigo ya jeshi Tanganyika. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, mara nyingi wakaupika nusunusu kwa kukosa kuni na wakati. Matumbo yao, yaliyozoea vyakula vingine, hayakustahimili. Kuhara kuliua wapagazi kwa maelfu, wengi kuliko walioangushwa na risasi. Huo haukuwa ugonjwa wa gluteni, kwa kuwa mahindi hayana gluteni. Nauleta hapa kwa sababu ni moja ya nyakati za mwanzo katika historia yetu ambapo serikali iliamua watu wale nini, matumbo yakaumia, na lawama ikawekwa juu ya udhaifu wa Mwafrika.

Ngano ilikuwa ikipanda ngazi nyingine. Mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alipata ardhi Njoro mwaka 1903, akajaribu kondoo, akajaribu ng'ombe, kisha akaweka fedha zake katika ngano. Kutu ya ngano ikayala mashamba yake, akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazoihimili, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kikawa tayari Njoro, nacho kipo hadi leo. Sijapata kusikia kwamba katika miaka hiyo kuna aliyejenga kituo cha mawele Mbeere. Nafaka ya mlowezi ilipata reli, benki, mbegu na soko. Ya Mbeere ilipata ulingo na mtoto mwenye teo.

Mkate uliingia pia kwa mlango wa kanisa. Wamisionari Waanglikana wa CMS walijenga Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910, na Wakatoliki wa Consolata walikuwa tayari wanatembea katika nchi ya Wakikuyu. Shule, zahanati, chai yenye sukari na kipande cha mkate vilikuja pamoja. Aliyesoma alikunywa chai kwa mkate, na aliyebaki nyumbani alikunywa uji. Sidhani kuna mmisionari aliyehubiri dhidi ya mawele. Haikuwa lazima, kwa sababu mtoto aliona kwa macho yake nani anakula nini.

Chapati zilikuja na Wahindi. Wafanyakazi walioletwa kujenga reli kuanzia 1896, na wafanyabiashara waliofungua maduka hadi bara, walikuja na unga na ujuzi wao wa kuukanda. Ilichukua miongo kadhaa kabla chapati haijafika kwenye majiko ya vijijini. Ilihitaji unga wa dukani, mafuta ya dukani na siku nzima ya mwanamke. Unga hukandwa kwa maji ya uvuguvugu na mafuta hadi donge liwe laini, huachwa lipumzike, hukatwa na kuviringwa, kisha chapati husukumwa moja moja na kugeuzwa juu ya kaango huku moshi ukiingia machoni. Kwa sababu ya gharama hiyo na kazi hiyo ikawa chakula cha sikukuu. Mtoto wa Gachoka wa miaka ya 1970 aliweza kuhesabu vidoleni siku za mwaka alizokula chapati, na kila moja ilikuwa siku ya furaha. Heshima hiyo ilijengwa kwa upendo wa akina mama waliokesha jikoni. Ndiyo maana kuikataa chapati kunauma.

Wakati Mbeere inabadilisha chakula, madaktari wa Ulaya walikuwa wanahangaika na watoto wenye matumbo yaliyovimba na matako yaliyonyauka. Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huo wa seliaki vizuri mwaka 1888, akasema tiba yake, kama ipo, itatoka katika chakula, ila hakujua chakula gani. Mwaka 1924, huko New York, Sidney Haas aliwalisha watoto hao ndizi na kuwaondolea mkate, wakapona. Alidhani ndizi ndiyo dawa, akawaruhusu baadaye kurudi kwenye mkate, na ugonjwa ukawasubiri.

Aliyefungua fumbo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa hospitali ya Juliana, The Hague. Hupendwa kusimuliwa kwamba aligundua siri hiyo katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi na watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wa seliaki, inasemwa, walinenepa wenzao walipokuwa wanakonda, na mkate uliporudi wakaugua tena. Njaa hiyo ilimpa uhakika, ni kweli, lakini Dicke alikuwa ameshaishuku ngano miaka kadhaa kabla, na mwaka 1941 alikuwa tayari ameandika kuhusu kuwalisha watoto bila ngano. Tasnifu yake ya mwaka 1950 huko Utrecht ndiyo iliyoweka hoja mezani, na muda mfupi baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba tatizo liko katika gluteni yenyewe, wala si wanga.

Nchini Kenya mtoto mwenye tumbo lililovimba alipewa majina mengine. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kuhamia Uganda, alitumia miaka mingi kuutafuta ugonjwa uliokuwa ukiua watoto walioachishwa ziwa, ule ambao Cicely Williams aliueleza kutoka Gold Coast na dunia ikaujua kama kwashiorkor. Utapiamlo ulikuwa wa kweli na ulihitaji jibu. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wakikuyu na Wamaasai, wakahitimisha kwamba wanaoishi kwa nafaka ni dhaifu kuliko wanaoishi kwa maziwa na nyama. Utafiti huo ulikuja kukosolewa, lakini jina baya lilikuwa limeshabandikwa kwenye chungu cha Mwafrika. Tangu hapo, katika zahanati, mtoto aliyekonda na kuvimba tumbo aliulizwa amekosa nini. Hakuulizwa ni nini anachokula kinachomdhuru.

Baada ya uhuru, Mbeere ikawa mojawapo ya tarafa zilizochaguliwa kwa mpango maalumu wa maendeleo ya vijijini, ulioanza mwaka 1970. Mahindi ya Katumani, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Machakos na kukomaa upesi, yakasukumwa kwa wakulima. Sababu iliyomaliza mawele zaidi, kwa maoni yangu, ni shule. Mtoto aliyekwenda shule hakuweza kukaa kwenye ulingo. Ada ya madarasa ya chini ilipoondolewa mwaka 1974, na elimu ya msingi ilipokuwa bure tena mwaka 2003, walinzi wa ndege walishuka wakaenda darasani, na mzazi yeyote angetaka hivyo. Mahindi yana maganda yanayowazuia kwelea, na mashine huyasaga kwa dakika chache. Mwanamke aliyepunguziwa kazi ya kinu hana sababu ya kuililia, ingawa kila mvua ilipokataa, mahindi ndiyo yaliyokauka kwanza. Katika ukame wa 1984 serikali ilileta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na waliokula wanaukumbuka unga huo hadi leo.

Mtama ulirudi kwa mlango wa bia. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilitoa Senator Keg kwa bei ya chini baada ya serikali kuilegezea ushuru, na miaka michache baadaye wakulima wa ukanda mkavu wa mashariki wakahimizwa kupanda mtama wa Gadam, mfupi na wa kukomaa mapema, kwa ajili ya kutengenezea bia hiyo. Sasa mtama ulikuwa na mnunuzi mwenye lori. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru, mauzo ya bia yakaanguka, na waliopanda wakabaki na magunia. Mwaka 2015 nafuu ikarejeshwa. Katika miaka yote hiyo mtama ulizungumzwa kama malighafi. Niliyesubiri kumsikia akiusifu kama chakula sikumsikia.

Sasa mfikirie mtu mzima wa Gachoka mwenye seliaki. Anaenda zahanati na tumbo lililojaa gesi na mwili uliochoka. Anapewa dawa ya minyoo. Anarudi, anapewa dawa ya amiba. Anarudi tena, anapimwa taifodi, kisha anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Jirani anamwambia ni muguka, kwa kuwa muguka kweli huondoa hamu ya kula na kila mtu anajua hivyo. Magonjwa hayo yote yapo Mbeere na ni mengi kuliko seliaki, kwa hiyo mhudumu hakosei kuanza nayo. Kosa ni kuishia hapo mwaka baada ya mwaka. Wako waliodhani ugonjwa huu ni wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 Carlo Catassi na wenzake waliwapima watoto wa Kisaharawi walioishi kambini Algeria, watu ambao ngano imekuwa chakula chao kikuu, wakakuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana seliaki. Ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa, na vilipatikana barani Afrika.

Kuna pia wale ambao tumbo huwasumbua wakila ngano lakini hawana seliaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha mwaka 2013 kwamba wengi wa watu hao hawadhuriki na gluteni yenyewe. Yaelekea wanasumbuliwa na aina za sukari zinazochacha tumboni, zilizomo katika ngano, vitunguu na hata maharagwe. Maumivu yao ni ya kweli, lakini tiba yao si ile ile, na kuwachanganya na wenye seliaki kumewafanya watu wawacheke wote kwa pamoja.

Nairobi, chakula kisicho na gluteni kimekuwa bidhaa ya rafu ya juu. Unga wa mtama katika mfuko mzuri wenye maandishi ya Kiingereza huuzwa kwa bei ambayo ingenunua gorogoro kadhaa sokoni Gachoka. Kwa hiyo anayeutafuta huonekana tajiri anayejidekeza, na mwenye mtama ghalani huonekana maskini, ilhali chakula ni kile kile. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa mawele na nafaka ndogo ndogo, na hotuba zilitolewa. Lakini vita halisi hupiganwa kwenye meza ya ruracio, sherehe ya mahari, mama mwenye nyumba anapoleta sahani na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, chapati zetu zimekukosea nini?" Mgeni hana jibu la haraka. Akisema daktari amemkataza, ataambiwa moja haiui. Kwa mwenye seliaki, moja inatosha kuudhuru utumbo. Wengine humletea chapati za brauni kwa nia njema, wakiamini kwamba unga wa ata ni wa afya, kumbe ni ngano vilevile. Hata soseji na smoki za kando ya barabara mara nyingi hutiwa unga wa ngano.

Kanisani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hostia ni ngano. Vatikani ilisisitiza tena mwaka 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ingawa yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa, na muumini anaweza kupokea divai peke yake. Njia ipo. Kinachohitajika ni muumini kumweleza padri mapema, na padri kutolichukulia kama upungufu wa imani.

Kwa anayeshuku kwamba ana ugonjwa huu, lipo jambo linalopaswa kusemwa waziwazi: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akiacha gluteni, na kipande kidogo cha utumbo kinachochukuliwa kwa kamera huweza kuonyesha umepona wakati bado una ugonjwa. Pima kwanza katika hospitali kubwa, kisha uache, na uache kabisa.

Akishaacha, Gachoka ina kila anachohitaji isipokuwa usafi wa kisiagi. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, kiasi kidogo kuliko vumbi linalobaki kwenye mdomo wa mashine baada ya mteja mmoja kusaga ngano. Unga wa uji uliochanganywa tayari nao si wa kuaminika, kwa kuwa wengine huutia ngano. Anunue wimbi, mtama au mawele yakiwa bado nafaka, ayapepete na kuyachambua mwenyewe, aende kisiagi kisichosaga ngano. Kama ni kimoja tu kijijini, azungumze na mwenye mashine waipanguse na asagiwe wa kwanza asubuhi. Tena kilo mbili za mwanzo, zinazosafisha mashine, azichukue kwa ajili ya kuku.